Joto Lililodhaniwa Kutangulia Tetemeko

Mwishoni mwa Oktoba 1799 wakazi wa Cumaná, mji wa pwani ya Venezuela, walikosa raha. Kila jioni ukungu mwekundu ulitanda angani, upepo wa bahari ulikatika na joto la usiku halikuwapa watu usingizi. Waliamini kwamba hali hiyo hutangulia tetemeko, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 14 Desemba 1797 tetemeko la ardhi lilikuwa limeubomoa karibu mji wote, na walionusurika walisimulia harufu kali ya salfa waliyoisikia muda mfupi kabla ya ardhi kutikisika.

Hofu hiyo ilishuhudiwa na mtaalamu wa maumbile kutoka Prussia, Alexander von Humboldt, aliyefika Cumaná mwezi Julai pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland. Alasiri ya Novemba 4 ngurumo zilisikika, kisha ardhi ikatikisika. Bonpland alikuwa ameinamia meza akichunguza mimea, nusura aanguke chini. Humboldt, ingawa alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha kuning'inia, aliusikia mtikisiko barabara.

Imani ilikuwa imetimia, au ndivyo ilivyoonekana.

Imani yenyewe ni ya kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kwamba matetemeko husababishwa na upepo unaofungika ndani ya ardhi. Upepo ukishaingia huko, alisema, hewa ya juu hutulia. Ndiyo maana matetemeko mengi hutokea kukiwa shwari. Fundisho hilo lilidumu kwa karne nyingi, na hadi leo wapo watu wa California wanaokunja uso siku ikiwa na joto zito lisilo na upepo.

Humboldt hakuishia Cumaná. Alipita Quito na Peru, akalinganisha aliyoyaona na ushuhuda wa watu walioishi miaka mingi kwenye nchi za matetemeko. Katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake Kosmos, iliyotoka mwaka 1845, aliandika waziwazi kwamba joto zito, utulivu wa hewa na ukungu si dalili za kutegemewa. Ardhi hutikisika wakati wa mvua, wakati wa upepo na wakati wa anga safi.

Wanasayansi waliomfuata wamemuunga mkono. Miamba huvunjika na kuteleza kilomita nyingi chini, ambako joto la mchana halifiki. Wapo pia wanaodai kwamba mwili huhisi tetemeko linalokuja, lakini kizunguzungu, masikio kuvuma na kichwa kuuma ni mambo ya kila siku. Yakifuatwa na tetemeko hukumbukwa, yasipofuatwa husahaulika. Mpaka sasa hakuna aliyethibitisha kwamba maumivu ya mwili yanaweza kutabiri tetemeko kubwa.

Hata hivyo, kuna onyo moja la kweli ambalo mwili huweza kulinasa. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili: la kwanza ni jepesi na huenda kwa kasi ya karibu mara 1.7 ya ile ya la pili, ambalo ndilo hubomoa zaidi. Aliye mbali kidogo na chanzo huweza kusikia kishindo kidogo, sekunde chache kabla ya mtikisiko mkubwa. Japani imelitumia pengo hilo kutoa tahadhari kwa umma tangu Oktoba 2007. Sekunde hizo zinatosha kuinama, kuingia chini ya meza imara na kuishikilia.