Kuwasha kompyuta ya zamani kwa diski ya NVMe

Kuwasha kompyuta kwa diski ya NVMe kwenye bodi mama ya zamani ni kuifanya mashine iliyoundwa kabla diski hizo hazijaenea ianzishe mfumo endeshi kutoka humo. Kanuni za NVMe zilitolewa mwaka 2011, lakini bodi za kompyuta za mezani zilianza kuzielewa kwa wingi kuanzia 2014. Mashine kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambazo bado hununuliwa zikiwa zimetumika, zilitoka mapema mno.

Kikwazo si pa kuchomeka. Adapta ya bei nafuu huiweka diski ya M.2 kwenye sloti ya PCIe, na Windows 10 au Linux ikishawaka huiona bila shida. Tatizo liko katika sekunde za mwanzo. Ukibonyeza kitufe, BIOS au UEFI iliyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi ndiyo inayotafuta mfumo endeshi. Ikikosa draiva ya NVMe, diski haionekani kabisa katika orodha yake. Draiva iliyomo ndani ya Windows haisaidii, maana Windows yenyewe imo kwenye diski ambayo bado haisomeki.

Kwenye bodi za UEFI, mafundi huongeza moduli iitwayo NvmExpressDxe ndani ya faili la BIOS, kisha huiandika chipu upya. Ikifaulu, kompyuta huwaka kama iliyozaliwa na uwezo huo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi huenda isiwake tena mpaka chipu iandikwe kwa kifaa cha nje. Penye umeme usioaminika, kazi hii isifanywe bila betri ya akiba na nakala ya BIOS ya awali.

Njia salama zaidi ni flashi yenye programu ya Clover: bodi huanza na flashi, Clover hupakia draiva, kisha hukabidhi kazi kwa NVMe. Flashi lazima ibaki imechomekwa. Kwa Linux ni rahisi zaidi. Sehemu ya /boot huwekwa kwenye flashi au diski ya SATA, na vingine vyote kwenye NVMe. Samsung 950 Pro ya 2015 ilibeba ROM yake yenyewe, hivyo hata baadhi ya BIOS za kale ziliweza kuianzisha, lakini diski za namna hiyo ni chache.

Kuiokoa mashine ya zamani kuna maana nyingine pia, kwa kuwa baadhi ya madini ya vifaa hivi hutoka Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo (DRC). Bati la Bisie, Walikale, ni la aina inayotumika kulehemu bodi za kompyuta. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantali ya kapasita ndogo. Katika SSD za seva, kapasita kama hizo hushikilia chaji inayotosha kumalizia kuandika data umeme unapozimika. Madini yaliyochimbwa kwa jasho na hatari kubwa kiasi hicho hayastahili kutupwa jalalani kwa kukosa draiva ya kilobaiti chache.

Hata hivyo, kwa kazi za ofisi SSD ya SATA inatosha. Husoma megabaiti 550 hivi kwa sekunde na BIOS ya bodi yoyote yenye SATA huitambua. NVMe kwenye PCIe 2.0 yenye njia nne hukaribia 2,000, tofauti inayohisiwa zaidi na wahariri wa video. Anayenunua aangalie pia meno ya diski ya M.2: yenye mapengo mawili mara nyingi ni ya SATA, na haitafanya kazi kwenye adapta inayotumia PCIe pekee.