Chura wa Upemba: Jina na Ukoo
Mwaka 1959, mji wa Likasi, penye Buluo, ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, kilitoka kitabu cha Schmidt na Inger kuhusu amfibia wa Upemba, kaskazini ya mji huo. Humo chura mmoja wa mitini alipewa jina Leptopelis parvus. Parvus ni Kilatini, yaani "mdogo". Schmidt hakukiona kitabu hicho: alifariki 1957 kwa kuumwa na nyoka.

Kwa muda mrefu jenasi ya Leptopelis iliwekwa katika familia ya Hyperoliidae, pamoja na wakwea miti wengine. Mwaka 2006 Frost na wenzake, kwa ushahidi wa DNA, waliihamishia Arthroleptidae, ambayo wengi wake hukaa ardhini.

Mji ulibadilishiwa jina mwaka 1966. Chura alibakia na jina, bali akabadilishiwa ukoo. Hivyo, kuishi pamoja mitini hakuthibitishi udugu.