Hesabu ya Jembe

Mwaka jana nilipokuwa Morogoro, nilikaa jioni kadhaa barazani kwa dada yangu, milima ya Uluguru ikiwa mbele yetu na ukungu ukiteremka taratibu. Mpwa wangu, kijana aliyekwisha masomo na ambaye barua zake za kuomba kazi hazijajibiwa hata moja, alikuwa kainamia simu akicheza mchezo wa zamani wa Kijapani uitwao Dragon Quest, uliotolewa mwaka 1986. Shujaa wake alizunguka uwandani akiua viumbe dhaifu mfano wa matone ya uji. Aliua, akazunguka, akazunguka, akaua.

Nikamuuliza: "Baba, hii si adhabu?"

"La, mjomba," akajibu bila kuinua uso. "Kila mmoja anahesabiwa. Wakitimia saba, napanda daraja."

Wachezaji wa Kiingereza hukiita kitendo hicho kusaga, nasi tuliokulia karibu na kinu na jiwe tunaielewa tamathali hiyo mara moja. Asili yake si ya jana. Mwaka 1980 vijana wa chuo kikuu huko California walibuni Rogue, mchezo wa mapango yanayobadilika kila uingiapo. Mwaka 1981 ukafuata Wizardry, wenye shimo la ghorofa kumi kwenda chini, na wachezaji wakichora ramani kwa mkono kwenye karatasi za mirabaraba. Mtu hushuka, hupigana, hupanda kupumzika, kisha hushuka tena njia ile ile. Ajabu ni kwamba watu walilipa fedha zao ili waifanye kazi hiyo.

Niliinua macho mlimani, nikakumbuka kwamba kusaga kwa namna nyingine kuliwahi kuamrishwa huko, na watu wakakukataa.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Khofu yake ilikuwa na msingi: miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na udongo uliokuwa ukichukuliwa na maji uliishia katika mito, ukiwemo Ruvu ambao hatimaye huifikia bahari. Dawa iliyochaguliwa ni matuta ya ngazi, yaani kuukata mlima vidato vipana kwa jembe la mkono. Waluguru walikuwa na njia yao nyepesi ya kufukia magugu katika vijingazi vidogo, lakini haikutosha machoni pa wakubwa. Wenyeji wakaamrishwa wachimbe, na aliyekaidi akatozwa faini.

Wakachimba, siku baada ya siku, kidato juu ya kidato. Lakini mlima ule una udongo mwembamba wenye rutuba juu, na chini yake udongo usiozaa. Kidato kilipokatwa, udongo mzuri ulifukiwa na ule mbaya ukaanikwa juani. Mahali pengine mavuno yakapungua, na mahali pengine maji yaliyotuama juu ya vidato yakaporomosha ardhi. Aliyechimba zaidi hakuvuna zaidi. Tena ardhi ya Waluguru hushikwa kwa ukoo wa upande wa mama, na amri ya kuigeuza sura, ikiletwa na wakubwa chini ya bendera ya kigeni, ilizua shaka kwamba ardhi yenyewe itachukuliwa.

Julai 1955, huko Matombo, umati uliokusanyika ukakabiliana na polisi. Risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafariki. Ulazima wa matuta ukaachwa mwaka huo huo. TANU, iliyoasisiwa mwaka mmoja nyuma, ikapata wasikilizaji milimani.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Waluguru hawakupenda kazi ngumu. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, matuta yalikubaliwa. Huko watu walilima mboga kwa maji ya mifereji na kuziuza, na kidato kilichokatwa kiliwarudishia walichokitia. Jembe lilikuwa lile lile, mteremko ule ule, mgongo uliouma ule ule. Tofauti ilikuwa katika hesabu.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi huisoma methali hiyo kama sifa ya uvumilivu. Siku hizi naisoma kama mkataba: kivuli kisipokuwepo, jua linabaki dhulma. Mimi mwenyewe nimerudia beti moja mara arubaini nikitafuta kina, wala sikulalamika, maana kina kikipatikana ni changu.

Ndiyo maana sikumkemea mpwa wangu. Najua daraja alizopanda pangoni hazinunui unga, na nilimwambia hivyo. Lakini mle ndani hakuna pigo linalopotea, na mchezo haujawahi kumwambia arudi wiki ijayo. Kama tunataka aiweke simu chini, tusianze na hotuba juu ya uvivu. Waliowahutubia babu zao juu ya uvivu walikuwa na hotuba nzuri pia.

Giza lilipoingia nikamuuliza wamebaki wangapi.

"Wawili," akasema, akanisogezea kiti.