Gego lililomponza Huxley

Mwaka 2025 zilitimia karne mbili tangu azaliwe Thomas Huxley, Mwingereza aliyemtetea Darwin kwa ukali hata akaitwa buldogi wake. Sifa zake zinajulikana. Sisi huku tuna sababu ya kumkumbuka kwa kosa lake, maana lilitokana na mnyama wetu wa jamii ya mbwa: bweha-masikio.

Mfaransa Desmarest alimpa mnyama huyu jina la kisayansi mwaka 1822. Kilichowasumbua wataalamu ni kinywa chake. Mbwa wa nyumbani ana meno 42. Bweha-masikio ana 46 hadi 50. Tena hawalingani wao kwa wao: huyu ana magego matatu kila upande wa taya la juu, yule manne, taya la chini manne au matano. Ni vijigego vidogo vyenye ncha, vya kusagia mchwa.

Mwaka 1880 Huxley alichapisha uchunguzi wake wa mafuvu ya jamii ya mbwa kupitia Chama cha Zoolojia cha London. Akashikilia kwamba magego hayo ni urithi wa mababu wa kale, kwa hiyo bweha-masikio ndiye aliyebaki karibu na asili, na mbwa wengine wamepoteza meno. Hoja tamu, lakini imejengwa juu ya gego. Hata mbwa wa kawaida huota gego la ziada mara mojamoja, na kwa mla wadudu jino la namna hiyo ni faida. Mjadala haukufa upesi. Mwaka 1964 Mmarekani Leigh Van Valen alikuwa bado anaandika juu ya magego hayohayo. Leo yanahesabiwa kuwa nyongeza iliyokuja baadaye. Vinasaba navyo vimempa Huxley nusu ya haki: ukoo wa bweha-masikio ulijitenga mapema na mbweha wengine.

Huku kwetu, Olduvai nchini Tanzania imetoa visukuku vya ndugu yake wa kale, aliyepewa jina la Mjerumani Hans Reck. Bweha-masikio wa Afrika Mashariki naye alitambulishwa kama nususpishi mwaka 1909 kwa kielelezo kilichopatikana Naivasha na msafara wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kikapelekwa huko.

Serengeti, jua likizama, utamwona ameinamisha masikio karibu na ardhi, akisikiliza wadudu. Magari ya watalii humpita yakimkimbilia simba. Mwambie dereva asimame.