Vilima Visivyo na Miti: Jinsi Shaba ya Katanga Ilivyotafutwa

Kabla Lubumbashi haijawa mji huko Katanga, kusini mwa Kongo, katikati ya pori la miombo kulikuwa na vilima vyenye vipara. Udongo uliojaa shaba hauvumiliwi na miti. Huota nyasi fupi na mimea michache iliyoizoea sumu hiyo, ukiwemo ule wenye maua ya zambarau ambao wanabotania wanauita Haumaniastrum katangense.

Wenyeji walizijua dalili hizo. Kwa karne nyingi Wasanga na majirani zao walichimba malakaiti, jiwe la kijani, wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Matanuru waliyajenga kwa udongo wa kichuguu, moto wakauchochea kwa mivuo ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka waliimimina kwenye kalibu, ikatoka misalaba iliyotumika kama fedha. Mingine imefukuliwa makaburini huko Upemba. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu ya aina hiyo ilichorwa kwenye bendera yake. Shaba na pembe za ndovu ndizo zilizomjengea dola mtawala Msiri, aliyetoka Unyamwezi akaketi Bunkeya, hadi alipouawa na msafara wa kikoloni ulioongozwa na Stairs Desemba 1891.

Mwaka 1892 Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipita akiandika alichokiona. Mwaka 1899 Robert Williams wa kampuni ya Tanganyika Concessions akamtuma George Grey kutafuta shaba. Vitabu vingi vinawaita wagunduzi, na hapo nakataa. Walichofuata ni mashimo ya wachimbaji wa kale, kilima baada ya kilima.

Kazi yao hasa ilikuwa kupima. Wenyeji walikuwa wamechukua malakaiti ya juu. Swali la mwekezaji lilikuwa: chini kuna kiasi gani? Mitaro ilikatwa kukatiza kilima, visima vikashushwa, mawe yakachukuliwa kwa vipimo. Sampuli husagwa, huchanganywa, hugawanywa mafungu manne; mawili hutupwa, mawili husagwa tena, mpaka kibaki kiganja kimoja cha unga kwa ajili ya maabara. Ukijua asilimia ya shaba, urefu, upana na kina cha mwamba, pamoja na uzito wake kwa ujazo, unapata tani. Hesabu hizo ndizo zilizozaa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906, zikaleta reli Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tanuru kubwa la Lubumbashi likatoa shaba mwaka 1911, kwa mbale za mgodi wa Étoile.

Huko Chile, migodi mikubwa mara nyingi huchimba mwamba wenye shaba isiyofika asilimia moja. Katanga, kinyume chake, ilikuwa na utajiri uliojionyesha wenyewe, na pengine ndiyo maana wengi hawakutafuta pasipo na kilima. Magharibi mwa mji wa Kolwezi mchanga umefunika kila kitu. Huko kampuni ya Ivanhoe ilipima kemia ya udongo, ikachoronga, ikaipata hazina ya shaba ya Kamoa mwaka 2008, kisha Kakula mwaka 2016. Uzalishaji ulianza mwaka 2021.

Vile vilima vya zamani vinazidi kuliwa na migodi. Mmea mmoja mdogo, Crepidorhopalon perennis, ulijulikana kuota kilimani Étoile tu. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamekuwa wakihifadhi mbegu na kuhamishia mimea ya shaba mahali pengine, kazi inayostahili fedha nyingi zaidi kutoka kwa wanaochimba.