Bakuli la Wageni: Safari ya Samaki wa Dhahabu Hadi Mezani kwa Bi Harusi

Mfungo Mosi uliopita tulialikwa arusi moja ya kupendeza. Ukumbi umepambwa, udi unafuka, na katikati ya kila meza pana gilasi ndefu ya maua yenye samaki mmoja wa dhahabu akizunguka chini ya mashina. Tulipiga picha kama wenzetu. Ilipofika saa ya kulisha keki, meza tatu tayari samaki wameelea matumbo juu. Wahudumu wakaanza kuwamwaga pamoja na maji ya maua. Tukaomba waliobaki, tukapewa kumi na mmoja kwenye ndoo ya pilau. Walipona wanne.

Tangu usiku ule tunajiuliza: nani wa kwanza aliyesema samaki huyu anaishi kwenye gilasi? Tulipoanza kufuatilia historia yake, tuligundua kwamba hakuna aliyesema hivyo. Sisi ndio tuliosikia vibaya.

Samaki wa dhahabu ni wa Uchina. Babu yake alikuwa samaki wa kitoweo wa maji baridi, rangi kijivu. Mara chache alizaliwa mmoja mwekundu au wa manjano, na watu wakamwona wa ajabu. Katika enzi ya Tang (618–907) wafuasi wa Buddha hawakumla. Walimwachia katika mabwawa ya mahekalu yao kama tendo la rehema. Kwa hiyo mwanzo wake haukuwa pambo. Alikuwa kiumbe aliyeokolewa na chungu cha jikoni.

Katika enzi ya Song (960–1279) wakubwa walianza kuwazalisha kwa makusudi katika mabwawa ya bustani, hasa mjini Hangzhou. Wakija wageni, samaki wazuri walihamishiwa chombo kidogo ili waonekane kwa karibu. Wageni wakiondoka, samaki hurudi bwawani. Hapo ndipo lilipo kosa letu, mashoga: tulirithi bakuli la wageni, bwawa tukalisahau. Ni sawa na mtu aliyemwona bi harusi juu ya jukwaa, akadhani analala palepale.

Enzi ya Ming (1368–1644) ndiyo iliyomfikisha nyumbani kwa watu wa kawaida, wasio na bustani wala bwawa. Walitumia makasiki ya udongo, mapana ya mdomo, yaliyowekwa uani. Mwaka 1596 Zhang Qiande aliandika kitabu kizima juu ya samaki hawa. Kwa kuwa katika kasiki anatazamwa kutoka juu, wafugaji waliwachagua wenye mikia mipana kama shela na macho ya kutokeza. Maumbo mengi tunayoyaona leo dukani yanatokana na jicho la mtu aliyeinama juu ya kasiki.

Kisa tulichokipenda zaidi ni cha Japani, kwa sababu ni kisa cha watu waliobanwa na pesa. Mwaka 1724 mtawala wa ukoo wa Yanagisawa alihamishiwa mji wa Koriyama, na samaki wa dhahabu wakaja pamoja na watu wake. Samurai wa vyeo vya chini, ambao posho zao hazikutosha, wakaanza kuwafuga ili kupata cha kuongezea. Mwaka 1868 utawala ulipobadilika, posho zikaja kukatika kabisa, na ile kazi ya pembeni ikawa ndiyo ya kulishia watoto. Mabwawa ya Koriyama yapo mpaka leo. Katika mji wa Edo wa zamani, wachuuzi walipita mitaani wakati wa joto na mti begani na beseni la mbao kila upande, wakinadi samaki kama wetu wanavyonadi madafu.

Ulaya walimpata katika karne ya 17, wakamfanya fahari ya matajiri. Ila kati ya waliotufundisha namna ya kuweka viumbe wa majini hai nyuma ya kioo, wamo wanawake. Jeanne Villepreux-Power, binti wa fundi viatu wa Ufaransa, alikuwa mshonaji. Mwaka 1816 alishiriki kutengeneza gauni la arusi la binti mfalme. Akaolewa, akahamia Sicily, na mwaka 1832 akatengeneza matangi ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Anna Thynne wa London naye alileta matumbawe hai nyumbani mwaka 1846. Pampu ya umeme haikuwepo. Mtumishi wake wa kike alisimama dirishani kila siku akiyamimina yale maji toka chombo hiki kwenda kile, huku na huku, yapate hewa. Jina la Bi Anna limeandikwa vitabuni. Mkono uliofanya kazi haukuandikwa.

Basi fundisho la watu wasio na pesa lilikuwepo siku zote, na linafaa visiwani kwetu. Samaki huyu anachafua sana: mkojo na mavi yake hutoa amonia, na katika bakuli dogo sumu hiyo humrudia mwenyewe. Maji ya moto nayo hushika hewa kidogo. Anahitaji upana, kivuli na maji mengi, si mapambo. Beseni kubwa la plastiki au kasiki la lita 80 kwa samaki wawili linamfaa kuliko bakuli la bei. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha dawa ya klorini ipungue, na kila wiki badilisha robo tu, usiyamwage yote. Kila asubuhi chota kwa kopo, uyamimine toka juu, kama yule mtumishi wa London. Mlishe kidogo kinachoisha kwa dakika mbili. Hana tumbo la kuhifadhia chakula, na kinachobaki kinaoza. Njegere iliyochemshwa na kumenywa inamtosha mara mojamoja. Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi ya maji ya mvua anavipenda mno, na hivyo ni bure.

Tukisema kuwa bei yake ni ndogo, tusidhani na umri wake ni mdogo. Tish, samaki aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye tamasha huko Uingereza mwaka 1956, alikufa mwaka 1999.

Sote tunaijua hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Bi harusi mmoja alitusikia tukiitaja, akauliza: je, usiku mmoja tu? Tukamwambia ahesabu vizuri. Samaki huletwa ukumbini tangu alasiri, na wale saba wetu hawakuufikia usiku. Akabadilisha, akaweka asumini na karafuu mbichi mezani. Akaokoa na pesa za gilasi.

Wale wanne wako uani kwa bibi yetu mmoja Ng'ambo, ndani ya kasiki lililokuwa likiwekwa maji ya kunywa. Kalifunika nusu kwa kuti. Anasema wakisikia kopo tu, wanakuja juu.