Toronto: Kutoka kibanda cha dola moja hadi YouTube

Miaka 15 kabla ya YouTube kuanzishwa, wakaazi wa mji wa Toronto nchini Kanada walikuwa tayari wakijirekodi wenyewe kwa video na kutazamwa na watu wasiowajua. Hawakuhitaji kompyuta wala simu. Walichohitaji ni sarafu moja ya dola.

Kibanda chenyewe kilikuwa kwenye kona ya barabara za Queen na John, katika jengo la kituo cha televisheni cha Citytv. Mpita njia aliingia, akatumbukiza dola yake, ambayo ilikwenda kwa mashirika ya hisani, na kamera ikaanza kunasa. Mwenye wimbo aliimba, mwenye lawama kwa wanasiasa alizitoa. Rekodi zilizochaguliwa zilionyeshwa katika kipindi cha Speakers' Corner, kilichoanza mwaka 1990 na kupewa jina la kona ya wasemaji katika bustani ya Hyde Park mjini London. Kundi la muziki la Barenaked Ladies, wakati huo likiwa bado halijulikani sana, lilibanana humo kibandani na kuimba. Baadaye likapata umaarufu mkubwa.

Mtoto wa wakimbizi

Fikra hiyo haikutoka hewani. Moses Znaimer, mmoja wa waasisi wanne wa Citytv, alizaliwa Tajikistan mwaka 1942, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliokimbia vita barani Ulaya, na alifika Kanada mwaka 1948. Kituo kilianza kurusha matangazo mwaka 1972, mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda na maelfu yao wakapokelewa Kanada. Toronto ilikuwa inageuka kuwa mji wa wageni, na Citytv iliwaweka watangazaji wa asili mbalimbali mbele ya kamera wakati vituo vikubwa vilikuwa bado vinasitasita.

Fedha zilikuwa haba. Kufikia mwaka 1981 kituo kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya kampuni ya CHUM.

Tusikipambe kibanda kile kupita kiasi. Kila mtu aliweza kusema, lakini mhariri ndiye aliyeamua nani asikike. Hata hivyo, mhariri huyo alikuwa na ofisi, na ofisi hiyo ilikuwa katika jengo lile lile. Aliyenyimwa nafasi alijua mlango wa kugonga.

Kampuni ya Rogers iliinunua Citytv mwaka 2007, na mwaka uliofuata kipindi kikakoma. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, ilikuwa imekwishampa kila mtu kibanda chake nyumbani.

Chumba cha Scarborough

Mwaka 2010 msichana wa Scarborough, mashariki mwa Toronto, Lilly Singh, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Punjab, India, alianza kuweka video za vichekesho kwenye YouTube. Aliwaigiza wazazi wa kihamiaji, na vijana wa jamii nyingi wakawaona wazazi wao wenyewe. Jarida la Forbes lilikadiria mapato yake ya mwaka 2017 kuwa dola milioni 10.5. Mwaka 2018 alianzisha kampuni yake ya utayarishaji, Unicorn Island Productions. Lakini kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Los Angeles. Novemba mwaka huo huo alitangaza kupumzika, akisema amechoka mwili na akili. Mhariri mpya alikuwa programu ya kompyuta, ambayo haisemi imetosha.

Bunge la Kanada lilijaribu kuzibana kampuni hizo. Juni 2023 lilipitisha sheria ya kuzitaka ziwalipe wachapishaji wa habari. Google ilikubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, ilichagua njia nyingine: kuanzia Agosti 2023 ilizuia habari zote, za ndani na za nje, zisionekane kwa watumiaji walioko Kanada. Mkaazi wa Toronto mwenye asili ya Mombasa au Bujumbura, aliyezoea kufuatilia habari za nyumbani kupitia Facebook, alikuta kurasa za vyombo hivyo zimefungwa, ingawa yeye mwenyewe alibaki huru kuweka humo video ya harusi ya binti yake.